Katika Hali Fulani

Kazini walimwita Fulani, na kusema kweli jina hilo alilitafuta mwenyewe. Alikuwa mwandishi wa taarifa za matatizo katika kampuni inayotengeneza programu za kuendesha mashine: za kutotolesha vifaranga, za kukausha mbao, za kupoza maziwa. Programu ikiwa na kasoro, na isiyo na kasoro bado haijazaliwa, asikudanganye mtu, kazi yake ilikuwa kuwaandikia wateja kwamba kasoro ipo. Hivyo ndivyo mkataba ulivyosema. Mambo yenyewe sasa! Kazi yake ilikuwa kuandika kwamba kasoro ipo, kwa namna ambayo mteja akimaliza kusoma hajui ni kasoro gani, iko wapi, wala kama inamhusu yeye au jirani yake.

Usimlaumu haraka. Mwaka wa kwanza aliandika kama mtu. Injinia akimletea tatizo asubuhi, kufikia saa nne ameshaliandika vizuri, mwanzo na mwisho unaonekana. Kisha karatasi ilianza safari ya meza tatu. Meza ya kwanza ilikuwa ya mtu wa mauzo, naye alitoa kila neno linalotisha. Meza ya pili ilikuwa ya mwanasheria, naye alitoa kila neno linaloweza kusomwa mahakamani: tarehe, namba, na jina la kitu chochote kinachoshikika. Meza ya tatu ilikuwa ya mkuu wa kitengo, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, ambaye wote walimwita Kifutio akiwa hayupo. Yeye alitoa kilichobaki. Siku moja taarifa ya ukurasa mzima ilirudi ikiwa na maneno mawili: "Tumefanya maboresho." Fulani alicheka mpaka akashika meza, kisha akaichapisha hivyohivyo, maana saa kumi na moja ilikuwa imegonga na watu wanafunga mikoba.

Baadaye akachoka kukatwa, akaanza kujikata mwenyewe. Injinia akisema waya unashika moto, yeye anaandika "huenda joto likatofautiana". Meza zote tatu zilipitisha karatasi zake bila kuzigusa. Mwisho wa mwaka alipewa cheti cha mwandishi mwenye taarifa fupi kuliko zote, akapigiwa makofi, akapigwa picha. "Katika hali fulani" ilikuwa mwanzo wake wa kila siku, na wenzake hawakuhitaji kufikiri sana walipomtafutia jina.

Sasa, Jumanne moja saa saba mchana, Fulani akiwa mezani na chakula chake, simu ikalia. Alikuwa dada yake.

"Kitinda," alisema Dada, bila hata salamu, "wewe si ndiye mtu wa kompyuta kwenye ukoo huu?"

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Nisikilize nikusomee kitu, halafu uniambie aliyepungukiwa na akili ni mimi au ni aliyeandika."

Huyu Dada ni mtu wa kuheshimiwa, tuelewane. Ndiye mkubwa wao wa kwanza, na ndiye aliyemlea kitindamimba huyu tangu akiwa na miaka sita. Kazi yake ilikuwa kusimamia mashine katika kituo cha kutotolesha vifaranga, mwaka wa kumi na moja huo, na kwa vifaranga hao ndugu yake alisoma mpaka akavaa joho. Alijua Kitinda anaandika mambo ya kompyuta mjini. Kampuni gani, hakuwahi kuuliza. Na Kitinda naye hakuwahi kuuliza mashine ya Dada inaendeshwa na programu gani, kwa kuwa ubavuni ilikuwa na jina la wakala aliyeiuza. Ndugu wengi wako hivyo. Wanaulizana habari za afya na za watoto, za kazi wanaishia kwenye "tunamshukuru Mungu".

Dada akakohoa kidogo, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwenye nyumba.

"Taarifa namba mia tatu kumi na nane. Katika hali fulani, baadhi ya shughuli huenda zisiendelee kama inavyotarajiwa. Kwa maelezo kamili, wateja wa daraja la kwanza wanaweza kufungua ukurasa husika."

Tonge likamkwama Fulani kooni. Alikuwa ameitambua sentensi ile kabla Dada hajafika katikati, kama unavyoitambua kandambili yako miguuni kwa mtu mwingine.

"Hali gani?" Dada alikuwa amepamba moto. "Shughuli gani? Na huyo anayetarajia ni nani, ana mayai yake humu ndani? Nimebonyeza hapo pa ukurasa kamili, nikaambiwa sina ruhusa. Nimempigia wakala, akanipa namba. Nimepiga namba, mtu akanisomea sentensi hiihii, tena kwa madaha kama anasoma taarifa ya habari! Kitinda, aliyeandika hii nikimkamata namfungia ndani ya mashine siku ishirini na moja, atoke na manyoya."

"Labda," alisema Fulani, akitafuta maji, "labda hakuwa na nafasi ya kueleza."

"Nafasi! Ukurasa mzima mweupe, wewe unasema nafasi."

Ndipo akamweleza kisa chote, na sauti ikaanza kushuka. Mwishoni mwa mwezi wa pili walikuwa wamewekewa programu mpya. Mashine yao ilibeba mayai elfu mbili na mia nne kwa mkupuo, na kwa miaka yote ile hakuwahi kutoa vifaranga chini ya elfu mbili. Mkupuo wa mwezi wa tatu walitoka elfu moja na mia moja. Wa mwezi wa nne hawakufika hata elfu. Alivunja mayai yasiyoanguliwa, moja moja, akakuta vifaranga wamekufa wamegandia kwenye ganda. Joto lilikuwa sawa na unyevu ulikuwa sawa. Skrini ilisema kila kitu ni sawa.

Mwenye kituo alikuwa mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama, mtu anayeamini karatasi kuliko macho yake. Kwake, kisichoandikwa hakijatokea. Aliandikia wakala, na wakala akajibu kwa barua kwamba hakuna kasoro yoyote inayojulikana kuhusiana na hali iliyoelezwa, na kwamba mtumiaji ashauriwe kufuata mwongozo. Mzee alimsomea Dada barua ile mbele ya wafanyakazi wote. Kisha akamwambia kwamba mkupuo huu wa mayai yaliyoingizwa Jumapili nao ukiharibika, funguo aziache mezani.

"Miaka kumi na moja, Kitinda," alisema Dada. "Jana nilikuwa nashika yai, nikaona mkono unatetemeka. Nimeanza kujiuliza, labda mikono yangu ndiyo imekufa."

Fulani alisema atauliza watu, akakata simu, akabaki anaangalia chakula kinavyopoa.

Jambo la kwanza alilofanya ni kufungua taarifa namba 318 na kuisoma. Akaisoma tena. Wewe, hakuelewa! Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ameandika mwezi wa pili, na hakuwa na habari hata chembe ilikuwa inahusu nini. Taarifa zake mia nne zilifanana kama mapacha. Akabonyeza pale pa ukurasa kamili. Skrini ikamjibu: "Huna ruhusa. Wasiliana na msimamizi wa mfumo." Akampigia msimamizi wa mfumo. Msimamizi akamwambia ruhusa hutolewa na kitengo kilichoandika taarifa.

"Kitengo kilichoandika ni mimi," alisema Fulani.

"Basi jipe ruhusa."

"Najipaje?"

"Unajaza fomu, halafu unaniletea mimi."

"Na wewe utanipa?"

"Mimi sina ruhusa hiyo."

Huku ndiko kupigwa danadana, na yeye ndiye aliyekuwa ameshonea wenzake mpira. Akatoka akasimama kwenye ngazi, akapiga ile namba ya wateja akijifanya mtu wa kituo cha vifaranga. Mhudumu alikaa meza ya sita kutoka kwake, na Fulani alimwona kupitia kioo akichokonoa kucha kwa kalamu. "Ndugu mteja," mhudumu akasema kwa sauti tamu, "katika hali fulani, baadhi ya shughuli huenda zisiendelee kama inavyotarajiwa." Fulani akamuuliza maana yake nini. Mhudumu akasita, akageuza karatasi akaangalia nyuma kama pana kitu, kisha akasema, "Maana yake ndiyo hiyo."

Akashuka ghorofa ya chini kwa mainjinia. Injinia aliyeshika programu za vifaranga alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Alikuwa amezungukwa na nyaya na kikaango cha umeme alichokuwa anakipima joto. Fulani alipotaja namba tu, yule mama akaweka bisibisi chini.

"Ile ya mlango!" alisema. "Leo ndiyo unaniuliza? Mimi nilikuletea kurasa mbili na picha, nikafungua mtandao nikaona umeandika upepo."

"Niambie tena. Tafadhali. Polepole."

Injinia alimwambia, wala haikuchukua dakika mbili. Mayai ndani ya mashine hulazwa kwenye trei, na trei hujiinamisha upande huu na upande ule kila saa, ili kifaranga asigandie kwenye ganda. Mlango ukifunguliwa wakati trei zinageuka, mota inajizima ndani ya sekunde chache ili isimkate mtu vidole. Hiyo ni sawa. Kasoro ni kwamba mlango ukifungwa, mota hairudi. Trei zinabaki zimelala upande mmoja mpaka saa sita usiku, programu inapojianza upya. Na muda wote huo skrini inaendelea kuandika: "Kugeuza: sawa."

"Lakini ni nani anafungua mlango dakika ileile trei zinageuka?" Injinia alisema. "Watu wanaangalia skrini tu. Ndiyo maana malalamiko ni machache."

Fulani alipanda ngazi akikimbia. Alimpigia Dada huku anahema.

"Dada, asubuhi ukifika kituoni unafanya nini?"

"Swali gani hilo? Nafanya kazi."

"Kwanza kabisa. Kabla ya yote."

"Kwanza kabisa nasubiri saa mbili kamili," alisema Dada, na kiburi kikarudi kidogo kwenye sauti. "Trei zinageuka saa mbili. Nafungua mlango na tochi yangu, naziona zinavyoinama kwa macho yangu, nafunga. Hao vijana wa siku hizi wanaamini skrini. Mimi skrini siiamini, mimi naamini nilichokiona. Kila siku nimeziona zinageuka, Kitinda. Kila siku ya Mungu!"

Fulani akaegemea ukuta. Angekuwa mzembe, angepona. Angekuwa mtu wa kupitisha jicho kwenye skrini na kwenda kunywa chai, vifaranga wake wote wangekuwa wanatembea. Umakini wake ndio uliokuwa unawaua, na sentensi moja tu yenye neno "mlango" ingemtosha.

"Dada, nenda sasa hivi. Zima mashine, hesabu mpaka kumi, washa. Na kuanzia kesho saa mbili usifungue."

"Nisiwaangalie?"

"Usiwaangalie. Ukitaka kufungua, fungua saa mbili na nusu."

Alimwomba mwanamke huyu kitu kigumu kuliko alivyodhani. "Umejuaje?" Dada aliuliza.

"Nimeulizia watu," alisema Fulani, na hakuwa amedanganya sana, ila alijisikia vibaya kama aliyedanganya kabisa.

"Basi wakuandikie. Mzee hataki maneno, anataka karatasi kutoka kwa wenye programu. Nikimwambia mdogo wangu kasema, atanicheka."

Alasiri ile Fulani aliandika taarifa namba 318 upya. Sentensi nne: mlango ukifunguliwa trei zinapogeuka, kugeuza kunasimama na hakurudi, skrini itasema sawa lakini si sawa, mayai yatabaki upande mmoja na vifaranga wanaweza kufa, usifungue dakika hizo, na kama umefungua, zima mashine uwashe upya. Akaipeleka moja kwa moja kwa Kifutio, akaruka meza mbili.

Kifutio alivaa miwani. "Ndefu hii."

"Sentensi nne, mama."

"'Kufa' haiwezekani. Weka 'matokeo kutofautiana'. Hapa 'skrini itasema sawa lakini si sawa' unatuvua nguo. Toa. Na 'mlango'..." kalamu ikasimama hewani. "Mlango unaonyesha mahali hasa. Tuseme 'sehemu ya mashine'."

"Ukitoa mlango, mtu atajuaje kuwa ni mlango?"

"Atapiga simu."

"Akipiga simu tunamsomea hiihii. Nimejaribu leo, mama, nimepiga mimi mwenyewe."

Kifutio akavua miwani, akaiacha ining'inie. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Fulani zaidi. "Unafikiri napenda kuitwa Kifutio?" alisema. "Eeh, najua. Nina watu wawili juu yangu, mwanangu, na kila mmoja ana kifutio kikubwa kuliko changu. Iache hapa. Nitaiangalia wiki ijayo."

"Hayo mayai hayana wiki ijayo."

"Mayai yapi?"

Fulani alifungua mdomo amwambie, akaufunga. Alirudi mezani kwake. Kitufe cha kuchapisha kilikuwa kwenye kompyuta yake siku zote, saini za meza tatu zilikuwa desturi tu, za kwenye karatasi. Alikiangalia kitufe kile kwa muda. Alifikiria mshahara, alifikiria kodi ya nyumba. Kisha akabonyeza, akazima kompyuta, akatoka akiwa amesahau mwavuli.

Wiki ile simu za wateja zililia mno. Mtu mmoja alipiga akawatukana dakika tano nzima, akapumzika, akasema asante, akakata. Mama mwingine alisema neno moja tu, "Kumbe!" Baada ya hapo simu zikapungua, mpaka yule mhudumu akaanza kufumba macho mchana. Fulani alisubiri kuitwa. Siku ya nane ikaja barua ya onyo: "Imebainika kuwa katika hali fulani baadhi ya taratibu huenda hazikufuatwa kama inavyotarajiwa. Unashauriwa kuzingatia." Akaisoma mara tatu. Hakujua kama amefukuzwa, amekaripiwa au amepongezwa. Alimwonyesha Injinia, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mwisho aliamua kwamba asiyejua amefukuzwa bado ana kazi, akaendelea kuja.

Upande wa pili, Dada alichapa taarifa mpya akampelekea mzee. Mzee aligeuza karatasi akitafuta muhuri. Hakuuona, lakini namba ilikuwepo na jina la programu lilikuwepo. Akaikunja akaitia mfuko wa shati. "Tutaona siku ya ishirini na moja," alisema. Dada alimsimulia Kitinda kwenye simu jinsi kila asubuhi saa mbili anavyokaa kwenye kiti mbele ya mlango ameshika tochi na mikono imebanwa kwenye mapaja. Siku ya tano alisema anaona kama vifaranga wanamwita. Siku ya kumi alisema amezoea. Uongo, alikuwa hajazoea.

Siku ya ishirini na moja ilikuwa Jumapili, na Fulani alikwenda mwenyewe. Chumba cha mashine kilikuwa na joto la kukulowesha mgongo kabla hujamaliza kusalimia. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopigwa deki, maboksi yenye matundu yamepangwa mpaka kimo cha kiuno, na manyoya ya njano yanaelea hewani. Na kelele! Huwezi kuzungumza bila kupaza sauti. Dada alikuwa anahesabu vifaranga watano watano kwa viganja viwili, haraka kuliko jicho, mia kwa kila boksi. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Alipomwona ndugu yake hakuacha kuhesabu, alimtolea ulimi tu.

Walipofunga boksi la mwisho, mzee aliandika kwenye daftari lake na kupiga mstari chini.

"Elfu mbili na sitini na mmoja," alisema. "Vizuri. Umejirekebisha."

Dada aliyekuwa anatabasamu akaacha. "Nimejirekebisha nini, mzee?"

Mzee akatoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua kwa uangalifu. "Hapa pameandikwa: mlango ukifunguliwa trei zinapogeuka. Nani alikuwa anafungua mlango?"

"Mimi. Lakini nilikuwa..."

"Basi imeandikwa. Mikupuo miwili imeharibika kwa mkono wako. Nashukuru kwamba umekuja kujua, na kazi ya leo nimeiona. Lakini funguo siwezi kumwachia mtu aliyeniharibia mayai kiasi kile. Mwezi ujao nitaweka msimamizi mwingine. Wewe utabaki kwenye usafi, sikufukuzi."

Dada, mtu huyu mwenye mdomo, ambaye angemfungia mwandishi ndani ya mashine, alisimama tu akiangalia viganja vyake. Halafu akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake la kazi, akatoa funguo, akaziweka juu ya meza. Fulani aliona kwamba Dada alikuwa amekubali. Aliamini kweli ni yeye aliyeyaharibu mayai.

"Mzee," alisema Fulani. Hakusikika, akarudia kwa kupaza sauti juu ya kelele za vifaranga. "Mzee, wenye programu walijua kasoro hii tangu mwezi wa pili. Kabla ya mkupuo wa kwanza kuharibika."

"Imeandikwa wapi?"

"Haikuandikwa. Ndilo ninalosema. Kuna mtu aliambiwa aiandike, akaiandika ili isieleweke." Akasogea karibu na meza. "Ni mimi. Ile taarifa ya kwanza niliiandika mimi. Dada, ni mimi. Nafanya kazi kwenye hiyo kampuni."

Dada aligeuka polepole.

"Katika hali fulani?" alisema.

"Ndiyo."

"Wewe Kitinda?"

"Mimi. Na siku ile umenipigia nilijua kabla hujamaliza kusoma, nikakuficha."

Usiniulize mtu huyu alijisikiaje, maana alikuwa anatamani sakafu ile ya saruji ipasuke immeze. Dada hakupiga kelele, na ingekuwa nafuu kama angepiga.

"Nilikuwa nalia chooni," alisema. "Nafungulia bomba ili wasinisikie. Nilidhani nimezeeka, nilidhani mikono yangu imelaaniwa. Nilikuwa nawaambia samahani, wale wa kwenye maganda."

"Nisamehe, Dada."

Mzee alikuwa ameshavuta kiti. Alichana ukurasa kwenye daftari lake, akauweka mezani karibu na funguo, na kalamu juu yake. "Andika," alisema. "Ulichosema sasa hivi. Mimi maneno siyaweki faili."

Fulani alikaa. Jasho lilikuwa linadondoka kwenye karatasi, akalifuta kwa kiwiko. Alikuwa ameandika taarifa mia nne maishani mwake, na hakuwahi kuandika moja yenye neno "mimi" ndani yake. Aliandika, na Dada alisimama nyuma ya bega lake akisoma kila neno linavyotoka:

"Mimi ndiye mwandishi wa taarifa namba 318. Mwezi wa pili nilielezwa kwamba mlango ukifunguliwa trei zikigeuka, mashine inaacha kugeuza mayai na skrini inadanganya. Niliandika kwa makusudi ili msomaji asijue. Dada yangu alifungua mlango kwa sababu alikuwa anahakikisha kazi yake kwa macho yake kila siku. Mayai hayakufa kwa mkono wake. Yalikufa kwa mkono wangu."

"Tarehe," alisema mzee.

Akaweka tarehe.

"Saini."

Akasaini. Mzee alisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari, midomo ikicheza. Akaikunja karatasi akaitia mfuko wa shati, mahali pa ile nyingine. Kisha akazisukuma funguo kuvuka meza, taratibu, mpaka zikafika mbele ya Dada, akatoka kwenda kuangalia gari la kubebea maboksi.

Dada alizichukua. Alizishika kiganjani kama anazipima uzito, na macho yalikuwa yamejaa.

"Umechelewa, Kitinda," alisema. "Umechelewa sana. Lakini leo nimekuelewa."